Degedege Penye Mbu Wachache: Historia ya Kulipa Jina Tukio la Ghafla la Ubongo na Akili kwa Mtoto, kutoka Pwani hadi Olasiti

Utangulizi

Mtoto mdogo aliyelala vizuri jioni huamka usiku akiwa amekakamaa, macho yamegeuka, asisikie anapoitwa. Mwingine, mwenye umri wa kwenda shule, hubadilika ndani ya siku mbili au tatu: hushikwa na woga usio na sababu, husema maneno yasiyopangika, humkimbia hata mama yake mzazi. Katika matukio yote mawili watu wazima waliopo hulazimika kufanya jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni kulipa tukio jina. Jina ndilo linaloamua mtoto apelekwe wapi, kwa nani, na kwa haraka ya kiasi gani.

Insha hii inachunguza historia ya majina hayo katika Tanzania na nchi jirani, kuanzia maarifa ya pwani kuhusu degedege hadi tafiti za hospitali za mwanzoni mwa karne ya 21. Hoja yake ni kwamba juhudi za afya za miaka ya 1990 zilizolitafsiri degedege kuwa malaria kali zilijengwa juu ya maarifa ya pwani na mabonde. Penye malaria nyingi, tafsiri hiyo ilifaa kwa sehemu kubwa. Ilipopanda hadi nyanda za juu za kaskazini ilizaa kosa la namna nyingine, na kosa hilo halikufanywa na mama nyumbani, bali na mtaalamu wodini.

Olasiti imechukuliwa kuwa mahali pa kusimama na kuitazama historia hiyo. Ni kata ya Jiji la Arusha iliyo upande wa magharibi, kuelekea uwanja mdogo wa ndege na Kisongo, chini ya miteremko ya Mlima Meru, katika mwinuko wa mita zipatazo 1,400. Wenyeji wa eneo hilo ni Waarusha, wasemaji wa Kimaa waliogeuka kuwa wakulima wa mlimani, ambao historia yao ya karne ya 19 na ya 20 imeandikwa kwa kina na Thomas Spear (1997). Kukua kwa jiji kumeleta wakazi kutoka karibu kila mkoa, na kila kundi limekuja na lugha yake ya maradhi. Kwa hiyo mtoto mmoja wa Olasiti anaweza kuwa na bibi anayeita tukio hilo kwa jina la Kimaa, jirani kutoka Tanga anayesema ni degedege, mchungaji anayesema ni pepo, na mhudumu wa zahanati anayesema ni malaria.

Degedege kabla ya kuitwa malaria

Neno dege ni la zamani katika Kiswahili. Kamusi za enzi ya ukoloni ziliandika neno hilo kwa maana ya ndege mkubwa na pia kwa maana ya mitukutiko ya watoto. Uhusiano wa maana hizo mbili haukuwa wa bahati. Kwa watu wa pwani, kulikuwa na ndege au mdudu wa usiku aliyeaminika kupita juu ya mtoto na kumwachia maradhi. Mikono ya mtoto ikirushwarushwa kama mabawa, fasili ikawa imejitosheleza. Jina lilieleza dalili na chanzo kwa pamoja, jambo ambalo majina mengi ya hospitali hayawezi kulifanya.

Utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa na Makemba na wenzake (1996) ndio uliotoa picha iliyo wazi zaidi ya tiba iliyofuata jina hilo. Mtoto alifukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, aliogeshwa au kupakwa mkojo, au alipelekwa kwa mganga aliyejulikana kwa kazi hiyo. Waandishi walikuta pia imani kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano hufa. Imani hii imenukuliwa mara nyingi kama ushahidi wa ujinga wa wazazi, na nukuu hizo zimefanya haraka mno. Mtoto aliyefikishwa hospitali akiwa amekwisha kupoteza fahamu alidungwa kwinini, na watoto wengi wa hali hiyo walikufa saa chache baadaye. Waliokuwa kando ya kitanda waliona sindano, kisha wakaona kifo. Hitimisho lao lilikuwa na makosa, lakini lilitokana na kuona, si na kukataa kuona.

Kuna jambo jingine ambalo maarifa hayo yalilishika mapema kuliko vitabu vya tiba. Katika sehemu nyingi za nchi iliaminika kwamba mtoto aliyewahi kupatwa na degedege anaweza baadaye kuwa mtu wa kifafa. Utafiti wa Julie Carter na wenzake (2004) huko Kilifi, pwani ya Kenya, uliwakuta watoto waliopona malaria ya ubongo, au malaria iliyoambatana na mitukutiko mikali, wakiwa na kifafa kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao. Kwa maneno mengine, mstari kati ya degedege na kifafa ambao wazazi waliuchora ulikuwepo kweli, ingawa hakuna ndege aliyeuchora.

Mahenge na Kashasha: matukio mawili ya mwanzo wa miaka ya 1960

Miaka ya kuelekea uhuru na ya mara baada yake iliacha maandishi mawili ya kitabibu ambayo hayajawahi kusomwa pamoja ipasavyo.

La kwanza lilitoka Mahenge, katika milima ya Ulanga. Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norwei aliyefika Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuta miongoni mwa Wapogoro watu wengi wenye kifafa, wakiwemo watoto. Wengi walikuwa wametengwa. Mate ya mgonjwa yaliogopwa kuwa yanaambukiza, na mtu aliyeangukia motoni akiwa katika mtukutiko angeweza kuachwa aungue kwa kuwa waliokuwepo waliogopa kumgusa. Jilek-Aall alianzisha kliniki, akatumia hasa fenobabitali, dawa ya bei ndogo, na mwaka 1965 alichapisha maelezo yake. Miongoni mwa aliyoyaandika ni watoto ambao vichwa vyao vilikuwa vikiinama na kuinuka kwa mfululizo. Kwa karibu miaka 40 maelezo hayo hayakuvuta macho ya wengi. Ni baada tu ya ugonjwa wa namna hiyo kuzuka kwa wingi Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda ndipo watafiti waliporudi Mahenge. Andrea Winkler na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 2008. Wakati huohuo takwimu za Ulanga zilikuwa zimekwisha kuonyesha ukubwa wa tatizo: Rwiza na wenzake (1992) waliwachunguza watu wapatao 18,000 katika vijiji 11 na kukuta wenye kifafa 207, na katika kijiji kilichoathirika zaidi kiwango kilipita watu 37 kwa kila 1,000.

Tukio la pili ni maarufu zaidi, na umaarufu wenyewe umelidhuru. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka bila kujizuia. Kufikia tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameathirika. Ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, wengine 57 wakaathirika, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni. Katika kijiji cha Nshamba, walikotoka baadhi ya wasichana waliorudishwa nyumbani, watu 217 walipatwa na hali hiyo, na shule ya Ramashenye nayo iliwapata wanafunzi 48 kati ya 154.

Madaktari Rankin na Philip, walioandika taarifa ya tukio hilo mwaka 1963, walifanya kazi ambayo ingestahili kufundishwa hadi leo. Walipima damu na maji ya uti wa mgongo, wakafikiria sumu katika chakula, wakafikiria virusi, na walipokosa ushahidi wa hayo yote ndipo waliposema ni hali ya hofu ya pamoja. Utaratibu huo ndio wenye maana: jina la kisaikolojia lilikuja mwisho, baada ya mengine kuondolewa moja baada ya jingine. Hata hivyo, kilichobaki katika kumbukumbu ya dunia ni neno kicheko. Christian Hempelmann (2007) ameonyesha kwamba kucheka kulikuwa dalili moja tu kati ya kadhaa. Wasichana walilia, walihangaika, walikimbia, na baadhi walipigana walipozuiwa. Jina la kuchekesha liliwafanya wasomaji wa mbali wasahau kwamba hao walikuwa watoto wenye dhiki. Tena uamuzi wa kuwarudisha makwao, ulioonekana kuwa wa busara kwa walimu, ndio uliolifikisha tukio vijijini.

Kinachounganisha Mahenge na Kashasha ni tofauti yao. Mahenge palikuwa na ugonjwa wa ubongo uliochukuliwa kuwa laana. Kashasha hapakuonekana ugonjwa wa ubongo, ingawa kwa wiki kadhaa ulishukiwa. Kwa macho ya mzazi, mtoto aliyeanguka ghafla sehemu moja hakutofautiana sana na aliyeanguka sehemu nyingine. Tofauti iligunduliwa kwa kupima, kusubiri, na kumtazama mtoto kwa muda mrefu.

Tafsiri ya miaka ya 1990

Katika miaka ya 1990 klorokwini ilikuwa ikishindwa, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa vingi, na mpango wa taifa wa kudhibiti malaria ulihitaji ujumbe mfupi unaoeleweka. Ujumbe ukawa kwamba degedege ni dalili ya malaria kali, na mtoto apelekwe hospitali mara moja. Kwa Bagamoyo, Rufiji, Kilombero au Muheza, ujumbe huo ulikuwa karibu sana na ukweli, kwani huko malaria ndiyo iliyokuwa ikiwaua watoto wengi waliokakamaa kwa homa.

Lakini tafsiri haikuwa kazi ya kamusi pekee. Stacey Langwick, aliyefanya utafiti Newala, ameonyesha kwamba kusema degedege ni malaria kulikuwa uamuzi wa kimamlaka: kulifanya maarifa ya mganga na ya mama yaonekane kuwa jina la zamani la kitu ambacho hospitali inakijua vizuri zaidi. Wauguzi wenyewe, anaeleza, waliishi katikati ya ulimwengu huo na ule, na mara nyingine walielewa kwa nini mama anataka mtoto aonwe kwanza na mtu mwingine. Vinay Kamat (2006), katika utafiti wa Mbande pembezoni mwa Dar es Salaam, aliwasikiliza mama waliokuwa wamewapeleka watoto kituo cha afya mapema wakiamini ni homa ya kawaida, na akakuta kwamba ucheleweshaji ulitokea mara nyingi baada ya kufika huko: dawa hazipo, fedha hazitoshi, mtoto amerudishwa nyumbani na vidonge. Rufiji nako, de Savigny na wenzake (2004) walipofuatilia watoto waliokufa kwa malaria, waliona kwamba wengi walikuwa wamepelekwa kwanza kwenye tiba ya kisasa.

Matokeo hayo yangepaswa kuhamisha swali. Badala ya kuuliza kwa nini mama alichelewa, ilifaa kuuliza mtoto alifanyiwa nini alipofika. Swali hilo la pili liliulizwa kwa kuchelewa, na lilipoulizwa majibu mazito zaidi yalitoka kaskazini.

Nyanda za juu: jina lililopanda mlima

Mbu anayeeneza malaria hahitaji maji peke yake. Vimelea ndani yake huhitaji joto ili vikomae. Katika mwinuko wa Olasiti usiku huwa wa baridi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na tafiti za taifa za miaka ya karibuni zimeuweka Mkoa wa Arusha miongoni mwa mikoa yenye maambukizi machache kabisa. Si mkoa wote ulio sawa: Mto wa Mbu, wilayani Monduli, haukupewa jina lake bure, na mashamba ya umwagiliaji ya mabondeni yana hali yake. Lakini mtoto aliyezaliwa na kukulia Olasiti, asiyetoka nje ya jiji, akikakamaa kwa homa, uwezekano wa malaria ni mdogo. Pia, kwa kuwa hakukua akiumwa malaria mara kwa mara, mwili wake hauna kinga. Akisafiri kwa likizo kwenda Handeni au Kilosa na kurudi na vimelea, malaria hiyo inaweza kuwa kali kupita kiasi. Swali la kwanza kwa mtoto wa nyanda za juu kwa hiyo ni kama amesafiri katika wiki za karibuni. Ni swali lisilogharimu chochote, na katika ujumbe wa taifa uliotungwa kwa ajili ya watu wanaoishi na mbu mwaka mzima halikuwa na nafasi.

Hugh Reyburn na wenzake (2004) walichunguza hospitali za kaskazini-mashariki mwa Tanzania, zikiwemo za mabondeni na za miinuko. Kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kwa malaria kali, ni asilimia 46.1 tu waliothibitishwa kuwa na vimelea. Takwimu ya vifo ndiyo yenye uzito zaidi: waliokuwa na vimelea walikufa kwa asilimia 6.9, wasiokuwa na vimelea kwa asilimia 12.1. Yaani mgonjwa aliyeitwa wa malaria bila kuwa nayo alikuwa katika hatari kubwa kuliko aliyekuwa nayo kweli, na wengi wa kundi hilo hawakupewa dawa za kuua bakteria. Jina lilikuwa limefunga mlango wa kutafuta zaidi.

Miaka michache baadaye, mjini Moshi, John Crump na wenzake (2013) waliwapima kwa kina wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, watoto kwa watu wazima, kati ya mwaka 2007 na 2008. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa 528 kati yao, sawa na asilimia 60.7. Iliyothibitishwa kuwa ndiyo chanzo ilikuwa kwa wagonjwa 14, sawa na asilimia 1.6. Moshi na Arusha zinatenganishwa na kilomita 80 za barabara na mwinuko wa mita mia kadhaa. Hakuna sababu ya kufikiri kwamba kalamu za Arusha ziliandika tofauti sana.

Ni maradhi gani basi yaliyojificha nyuma ya jina hilo? Kwa mtoto aliyekakamaa au kupotewa na akili ghafla, la kwanza ni homa ya uti wa mgongo, ambayo huua haraka na humwacha aliyepona kiziwi au na ulemavu. Chanjo zimeipunguza: ile ya kukinga bakteria wa hemofilasi iliingizwa katika ratiba ya Tanzania mwaka 2009, na ya numokoka mwanzoni mwa mwaka 2013. Kuna kushuka kwa sukari katika damu. Kuna degedege la homa lisilo na hatari kubwa, ambalo hutokea kwa watoto wadogo duniani kote na hupita lenyewe. Kuna kifafa ambacho mtukutiko wa kwanza ndio unakitambulisha. Katika Wilaya ya Hai, kati ya Kilimanjaro na Meru, Declare Mushi na wenzake wameandika jinsi watoto wengi wenye kifafa walivyokaa bila dawa na bila shule. Kuna tegu wa nguruwe anayeweka vifuko vyake katika ubongo, tatizo ambalo Winkler amelifuatilia katika hospitali ya Haydom huko Mbulu, eneo lililokuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha hadi Manyara ilipogawanywa mwaka 2002. Na kuna kichaa cha mbwa, ambacho wilaya za Serengeti na Ngorongoro zimekuwa nacho kwa muda mrefu. Ugonjwa huu wa mwisho ndio unaofanana zaidi na wazimu wa ghafla: woga, fadhaa, kuweweseka, kisha kifo. Huko Malawi, Mallewa na wenzake (2007) walipochunguza ubongo wa marehemu 26 ambao vifo vyao vilidhaniwa kuwa vya malaria ya ubongo, watatu walikutwa walikufa kwa kichaa cha mbwa. Mbwa alikuwa amekwisha kusahaulika, au hakuna aliyeuliza.

Upepo unaovuka lugha

Ikiwa degedege lilipanda mlima kwa njia ya zahanati, neno jingine la pwani lilikwisha kupanda kabla yake kwa njia nyingine. Miongoni mwa Wamaasai wa Tanzania kuna hali iitwayo orpeko, inayowapata hasa wanawake: kutetemeka, kuanguka, kusema kwa sauti isiyo yao. Arvi Hurskainen na baadaye Dorothy Hodgson wameieleza kwa kirefu. Hodgson anaonyesha kwamba neno lenyewe limetokana na upepo wa Kiswahili, kwamba hali hiyo ilienea katika nusu ya pili ya karne ya 20, na kwamba ubatizo ulitambuliwa kuwa tiba yake, kiasi kwamba wanawake wengi waliingia kanisani kwa mlango huo. Misheni ya Kilutheri ya Leipzig ilikuwa imekwisha kuweka mizizi Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, hivyo kanisa lilikuwapo tayari kuipokea dhiki hiyo.

Orpeko haikuwa hasa maradhi ya watoto. Inaletwa hapa kwa kuwa iliweka njia. Msichana wa miaka 13 anayeanguka darasani na kutetemeka, katika jamii ambayo tayari ina jina na tiba ya hali hiyo, hupelekwa kwenye maombi kabla ya kupelekwa kwingine. Mara nyingi hapati madhara kwa hilo, na pengine hupata utulivu ambao hospitali isingeweza kumpa; dhiki ya aina ya Kashasha haihitaji dripu. Tatizo ni yule mmoja kati yao mwenye homa, au shingo iliyokaza, au jeraha la mbwa lililopona miezi miwili iliyopita. Maombi na kipimo havipingani isipokuwa pale ambapo kimoja kinasubiriwa kiishe ndipo kingine kianze.

Kutibu kunapodhuru

Historia ya tiba ina somo lake la unyenyekevu, nalo lilitolewa Kilifi. Kwa kuwa mitukutiko huumiza ubongo, ilionekana ni jambo la akili ya kawaida kumpa kila mtoto wa malaria ya ubongo fenobabitali ya kuizuia isianze. Jane Crawley na wenzake (2000) waliwagawanya watoto 340 katika makundi mawili sawa. Waliopata dawa, dozi moja ya miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, walipungukiwa na mitukutiko kutoka asilimia 27 hadi 11. Lakini vifo vyao vilikuwa asilimia 18, na vya wasiopata dawa asilimia 8. Dawa ileile iliyoibadilisha Mahenge, kwa mtoto aliyepoteza fahamu na asiye na mashine ya kumsaidia kupumua, iliua.

Utambuzi wenyewe uliendelea kupata mapigo. Malcolm Molyneux na Terrie Taylor, huko Blantyre, walikuwa wameunda mwaka 1989 kipimo cha kina cha kupoteza fahamu kinachowafaa watoto wasioweza kusema, kipimo kinachotumika hadi leo. Taylor na wenzake waliporuhusiwa na wazazi kuchunguza miili ya watoto 31 waliokufa wakiwa wametimiza masharti yote ya malaria ya ubongo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba 7 kati yao walikufa kwa sababu nyingine. Walikuwa na vimelea katika damu, kama watoto wengi wa Malawi walivyo, lakini si vimelea vilivyowaua. Kilichotofautisha makundi hayo kwa uhakika mkubwa kuliko dalili zote ni mabadiliko katika retina, sehemu ya nyuma ya jicho. Baada ya hapo yalikuja mafanikio ya dawa: utafiti mkubwa wa mwaka 2010 uliohusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba sindano ya atesuneti hupunguza vifo vya malaria kali kutoka asilimia 10.9 ya kwinini hadi 8.5. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila mgonjwa apimwe kabla ya kupewa dawa ya malaria, na Tanzania ilisambaza kipimo cha haraka hadi zahanati katika miaka iliyofuata.

Kipimo hicho kimebadilisha mengi katika nyanda za juu. Kinapotoka hasi, mhudumu hana tena jina la kuandika. Kwa mama wa Olasiti aliyesikia kwa miaka 20 kwamba degedege ni malaria, jibu kwamba mtoto hana malaria huweza kusikika kama jibu kwamba mtoto haumwi, au kwamba maradhi yake si ya hospitali. Kipimo hasi kinahitaji hatua ya pili mara moja: kupima sukari, kuanza dawa za bakteria, kutoa rufaa kwenda mahali panapoweza kupima maji ya uti wa mgongo. Arusha ina hospitali za namna hiyo kwa umbali ambao mtoto wa Ulanga wa mwaka 1960 asingeuota, ikiwemo Mount Meru na hospitali za Kilutheri za Selian na ALMC, na juu yake KCMC ya Moshi iliyofunguliwa mwaka 1971.

Baki lisilo na jina

Baada ya kuondoa malaria, homa ya uti wa mgongo, kifafa na kichaa cha mbwa, hubaki watoto wachache ambao sayansi yenyewe imewapa majina hivi karibuni tu. Tangu karne ya 17, Thomas Sydenham wa Uingereza alikwisha kueleza watoto wenye mikono isiyotulia. Baadaye ilifahamika kwamba hali hiyo hufuata homa ya baridi yabisi inayoanzia kwenye koo lenye bakteria wa streptokoka. Mwaka 1998 Susan Swedo na wenzake, Marekani, walieleza watoto 50 waliobadilika ghafla tabia, wakawa na mawazo ya kujirudia na mishtuko ya misuli baada ya maambukizi ya aina hiyo. Fasili iliyopanuliwa mwaka 2012 bado inabishaniwa na madaktari wa watoto na wa akili. Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo wenyewe. Mgonjwa, ambaye mara nyingi ni msichana au mwanamke kijana, huanza kwa kuona na kusikia yasiyokuwapo, kisha hupata mitukutiko, na wengi hupona wakitibiwa mapema.

Afrika Mashariki ina madhara mengi ya moyo yatokanayo na homa ya baridi yabisi, hivyo koo lisilotibiwa ni jambo la kila siku, na hakuna sababu ya kibaiolojia ya kudhani kwamba watoto wake wamesamehewa matokeo yake katika ubongo. Vipimo vya kinga inayoshambulia ubongo, hata hivyo, havipo katika zahanati wala katika hospitali nyingi za rufaa. Msichana wa aina ile aliyoieleza Dalmau, akianza kuweweseka leo katika nyanda za Meru bila homa na bila vimelea, ataitwa mwenye pepo na wengine, mwenye matatizo ya akili na wengine. Jambo analoweza kulifanya mhudumu aliye naye ni lile lililofanywa Bukoba mwaka 1962: kupima anachoweza kupima, kuandika siku na saa hali ilipoanza, kuuliza kuhusu koo, safari na mbwa, na kutoandika jina la mwisho kabla ya mengine kuondolewa.